Kiti Kisicho na Egemeo

Wanafunzi wamefumba macho, wamelala chali chini ya miti ya msitu wa Karura, Nairobi. Mwalimu wao hajafumba yake. Anapita baina yao pekupeku, mikono ameifumbata nyuma, na kila anapofika kwa mtu husimama. Kwa mzee mmoja mwenye kitambi amesimama muda mrefu, anamwangalia shingo. Mimi niliyekaa pembeni sioni kitu cha kuangaliwa pale. Kisha anachuchumaa, anakunja kanga mara mbili, anaisukuma polepole chini ya kisogo cha mzee. Kidevu kinashuka. Taya linalegea, mashavu yanafuata, na mzee anashusha pumzi ndefu ambayo sidhani alijua kwamba ameibana. Mwalimu ameshakwenda kwa mwingine.

Huwa naenda pale kutazama zaidi kuliko kujinyoosha. Wenzangu wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Msitu wenyewe haukubaki kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeanza kukatwa viwanja vya wakubwa, na Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliokwenda kupanda miti walivamiwa na wahuni wa kukodiwa. Wangari alipigwa kichwani akatoka damu. Leo watu hulipa kiingilio, hukimbia, huendesha baiskeli, hupiga picha za harusi. Naitaja habari hii kwa kupita tu, lakini ni vigumu kulala chali chini ya miti ile ukasahau kwamba kuna aliyetoka damu ili iendelee kusimama.

Mwalimu alikuwa karani. Ajali ya matatu ilimwachia mgongo usiokubali kukaa, kusimama wala kulala, na kwa muda mrefu maisha yake yakawa vidonge na dari ya chumba. Jirani ndiye aliyempeleka kwa bibi mmoja wa Kihindi, Parklands, ambaye wote walimwita Ba. Ba alikuwa amesomea yoga Pune, India, katika ujana wake, na alifundisha wanawake wa jumuiya yake barazani, bila bango wala ada ya maana. Hakumpa mgeni wake mkao wowote wa kujivunia. Alimlaza sakafuni, akampandishia miguu juu ya kiti, akamwekea blanketi chini ya kiuno, akaingia ndani kuchambua mchele. Wiki zikaenda hivyo hivyo.

“Nilidhani ananidharau,” Mwalimu aliniambia. “Kumbe alikuwa ananiangalia kwa dirisha la jikoni.”

Alipopata nafuu hakurudi ofisini, na ndani ya nyumba pia hakurudi, ukipenda kusema hivyo. Dari ilikuwa imemchosha. Sasa anaishi upande wa Ngong kwenye kipande cha shamba, hupika nje, hunywa chai nje, hupokea wageni chini ya mti, na mvua ikianza ndipo unapomwona akikumbuka kwamba ana sebule. Yoga kwake haikutengana na hayo. Anasema mwili uliolazwa juu ya udongo haudanganyi: sakafu ya vigae ni tambarare na humficha mtu upande wake mbovu, lakini nyasi zina mabonde, nazo humwumbua.

Kitu kimoja alichukua kwa Ba, nacho ni kile kiti. Si kilekile, maana kile kilikwenda na wenyewe walipohamia Leicester. Alikwenda soko la Gikomba akanunua kiti cha chuma cha kukunja, cha kawaida, kile cha matangani na mikutanoni, akampelekea fundi wa kuchomelea akate bamba la egemeo na kuacha fremu tupu. Fundi alikataa. Kiti kizima, kipya, na mtu mwenye akili zake anataka kiharibiwe? Ilibidi Mwalimu amwonyeshe. Akakaa kinyumenyume pale pale kwenye vumbi la jua kali, akapitisha miguu katikati ya fremu, akashika miguu ya kiti, akajiachia nyuma mpaka kifua kikafunguka kuelekea mabati ya kibanda. Wachomeleaji wote wakaacha kazi. Fundi akakata. Na kwa kuwa ni fundi wa kweli, alilainisha kingo kwa msasa bila kuambiwa.

Kiti hicho nimekitazama sana na sijamaliza kukistaajabia. Mwenye mgongo mkakamavu hukitumia kujipinda kinyume bila uti wake kubeba chochote, kwa sababu kiti ndicho kinachobeba. Mwenye pumzi fupi, au aliyedhoofika kwa ugonjwa, huweka nyonga juu yake na mabega juu ya mto chini, akashika miguu ya kiti kwa ndani, naye anasimama kwa mabega, mkao ambao vinginevyo angeuona kwa wenzake tu. Ajuza asiyeweza kuinama hukigeuza meza na kuegemeza paji la uso. Aliyechoka kupita kiasi hupandisha miguu tu, kama Mwalimu siku zake za kwanza. Egemeo, ile sehemu iliyotengenezwa ili mtu apumzike, ndiyo iliyokuwa ikizuia, na mtu mmoja mahali fulani aliiona hiyo akaiondoa.

Mtu huyo alizaliwa mgonjwa. Bellur Krishnamachar Sundararaja Iyengar alikuja duniani tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kwenye jimbo la Karnataka la leo, kusini mwa India. Ile homa ya mafua iliyoua mamilioni ilikuwa imeshafika kijijini, na mama yake alimzaa akiwa anaumwa. Yeye mwenyewe baadaye alijieleza bila huruma: mikono vijiti, tumbo mbele, kichwa kizito kisicholingana na shingo. Malaria, tifodi, kifua kikuu, vyote vilimpitia. Baba yake, mwalimu wa shule, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyemtazamia kufika uzeeni.

Mwaka 1934 shemeji yake, mume wa dada yake, alimwita Mysore. Shemeji huyo ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga chini ya ufadhili wa Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne. Ukifuatilia yoga ya mikao inayofundishwa leo duniani, mara nyingi utaishia mlangoni kwa mzee huyu: Pattabhi Jois alikuwa mwanafunzi wake, na Indra Devi, mzaliwa wa Riga aliyefia Buenos Aires akiwa na zaidi ya miaka 100, naye pia. Lakini kijana mgonjwa hakuitwa kufundishwa. Aliitwa amliwaze dada yake wakati bwana yuko safarini, na alipobaki alifanya kazi za nyumbani. Alianza kufundishwa kwa dhati pale mwanafunzi kipenzi wa nyumba ile alipotoroka huku maonyesho yakikaribia. Akapewa siku chache awe tayari.

Shemeji alikuwa mkali. Kuna kisa ambacho Iyengar alikisimulia hadi uzeeni. Mbele ya wageni aliamriwa kupiga msamba, mkao ambao hakuwahi kuandaliwa. Akatafuta kisingizio: bukta inabana. Shemeji akaagiza mkasi, bukta ikachanwa pande zote mbili, na kijana akashuka. Misuli ya nyuma ya mapaja ikachanika, na kutembea vizuri kukawa taabu kwa muda mrefu baada ya makofi ya wageni kwisha.

Sisifu ukali ule, na aliyekua chini yake naye hakuuacha nyuma. Iyengar alipokuwa mwalimu alisifika kwa sauti kubwa na kwa kofi la ghafla mgongoni, na wako waliotoka darasani kwake wakilia. Lakini mtu aliyechanika kwa amri ya mwalimu wake anajua jambo ambalo mwenye viungo laini wa kuzaliwa hatalijua kamwe: mkao una mlango, na si kila mtu ataingilia mlango ule ule. Waliobarikiwa miili ya mpira wanafundisha kwa kuonyesha. “Tazama nifanyavyo.” Yeye ilimbidi ajue njia ya mtu asiyeweza.

Alipelekwa Pune mwaka 1937, kijana wa miaka 18, kwa mkataba wa miezi sita tu, kwa sababu alijua Kiingereza kidogo. Hakujua Kimarathi, lugha ya mji. Wanafunzi wake walimzidi umri, elimu na nguvu, wengine walimcheka waziwazi. Shemeji yuko mbali na haulizwi. Basi akawa anajifanyia majaribio mwenyewe saa nyingi kwa siku, mara nyingi kwa njaa, akitafuta ni kwa nini goti hili linauma mguu ukigeuka hivi na haliumi ukigeuka vile. Mwaka 1943 alimwoa Ramamani, na bibi huyu naye akajifunza kuutazama mwili wa mumewe na kumwambia kilichopinda. Watu humtaja kwa nusu sentensi. Mimi nadhani bila jicho lake kusingekuwa na la kuandikwa.

Katika miaka hiyo ndipo vifaa vilipoanza kuzaliwa kimoja kimoja, kwa kuokoteza: ukuta, blanketi la kukunja, tofali la mbao, mkanda, kamba zilizofungwa ukutani, kile kiti. Hakuna kilichobuniwa ili kiuzwe. Kila kimoja nyuma yake kuna mtu fulani aliyeshindwa jambo fulani siku fulani, na mwalimu aliyekataa kumwambia arudi nyumbani.

Mcheza fidla Yehudi Menuhin alikutana naye Bombay mwaka 1952, amechoka, halali. Alikuwa ametenga dakika chache. Iyengar alimlaza, akamziba macho na masikio kwa vidole, na bwana mkubwa akalala usingizi. Dakika chache zikawa saa tatu na zaidi. Baadaye Menuhin alimzawadia saa ya mkononi iliyochongwa maneno ya kumshukuru kama mwalimu wake bora wa fidla, akamwita Uswisi, na Ulaya ikafunguka. Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, amepita miaka 80, alitaka kusimama kwa kichwa, na alisimama. Mwaka 1966 kikatoka kitabu cha Light on Yoga, chenye picha zake mwenyewe zinazokaribia 600, na tangu hapo walimu wasiohesabika duniani wamekifunua wakitafuta mguu unawekwa wapi.

Picha za kitabuni ni safi mno kwangu. Napenda zaidi filamu bubu ya mwaka 1938, nyeusi na nyeupe, yenye mikwaruzo, inayomwonyesha Krishnamacharya, mkewe, watoto wao wadogo, na Iyengar kijana. Wako nje. Hakuna kioo cha kujitazamia, hakuna muziki wa filimbi, hakuna mshumaa. Zulia chini, jua juu, na mama katika vazi lake la kila siku anaingia katika mkao kana kwamba ametoka kuanika nguo na atarudi kuanua. Watoto wanafuata. Ni jambo la uani.

Hapo ndipo filamu ile inaponirudisha Pangani, kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kusikia neno yoga na kama angelisikia angeuliza ni dawa ya nini. Adhuhuri, kazi za jikoni zikishakwisha, alitandika mkeka kivulini mwa mwarobaini, akakaa na miguu ameinyoosha mbele yake, vidole vya miguu vikitazama juu, akaanza kusuka ukili. Hakuegemea ukuta. Ukuta ulikuwepo, hatua mbili nyuma yake. Mgongo ulisimama wima kutoka nyongani mpaka kwenye utosi, mabega yameshuka, mikono ndiyo inayokwenda peke yake, na ukili unarefuka unajikunja kando ya paja. Adhuhuri imekwisha, adhana ya alasiri imepita, wageni wamekuja wamepewa kahawa wameondoka, naye mgongo ni ule ule. Mara mojamoja alikunja goti moja, akalikumbatia, akalinyoosha tena. Akitaka kunyanyuka hakushika kitu. Alikusanya miguu, akachuchumaa, akawa amesimama.

Sisi watoto tulicheza tukimzunguka na hatukuona ajabu. Mashangazi walikaa vile, majirani walikaa vile, wanawake wa mtaa mzima walikaa vile. Asubuhi walikuwa wameinama kwenye kinu, mchi ukipanda na kushuka kwa zamu, mapaja na tumbo vinafanya kazi ambayo leo ina jina na ada ya mwezi. Nazi ilikunwa mtu akiwa amekaa chini kwenye mbuzi, magoti yamepanuka. Moto ulipulizwa mtu akiwa amechuchumaa, nyayo zote mbili zimegusa chini.

Miaka mingi baadaye, kwenye darasa moja la Mwalimu, alitwambia tukae hivyo: miguu mbele, mgongo wima, bila kuegemea. Wanasayansi, mawakili, kijana mmoja anayekimbia marathoni. Ilikuwa aibu. Migongo ilipinda, magoti yakapanda, mikono ikatafuta nyasi za kushika. Mwalimu akapita akitugawia mablanketi ya kukalia, moja kwa huyu, mawili kwa yule, matatu kwa mkimbiaji. Katika orodha ya Iyengar mkao huo unaitwa Dandasana, nao ni miongoni mwa ile wanayofundishwa wanaoanza. Bibi yangu aliumudu miaka yote bila cheti, na alipofariki hakuna hata mmoja wetu, wajukuu wake, aliyeweza kukaa kwenye mkeka wa matanga hadi hitima ikaisha. Tuliletewa viti vya plastiki.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba yoga ni kitu cha wageni kilicholetwa na wazungu wa mahoteli, au ni dini ya watu iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma, nakubali kwamba asili yake ni India na falsafa yake ni ya huko, na wenye hofu ya imani sitawabishia barazani kwao. Lakini mwili unaojua kukaa chini tulikuwa nao. Tumeubadilisha kwa seti ya sofa, tena kwa mkopo.

Sasa turudi kwenye ufundi, maana huo nao unatoka mikononi. Ufundi wa mwalimu wa yoga, kama nilivyouona Karura, ni jicho na mkono. Jicho linaona bega moja limepanda kwa upana wa kidole. Mkono unajua kama bega hilo linahitaji kubanwa, kuinuliwa, au kuachwa. Krishnamacharya katika uzee wake, pale Chennai, alijulikana kwa kumfundisha mtu mmoja mmoja, kwa kadiri ya umri wake, ugonjwa wake na kazi yake. Aliishi miaka 100. Mtoto wake, Desikachar, alisoma uhandisi, akaiacha kazi hiyo akakaa chini ya baba yake. Hicho ndicho kiasi cha muda ambacho jicho hudai.

Leo kipimo kilichoenea duniani, kilichosambazwa na Yoga Alliance ya Marekani, ni saa 200. Saa hizo hutoshea ndani ya mwezi mmoja wa hoteli ya ufukweni, na kifungua kinywa kimo kwenye bei. Mtu hutua na mgongo unaomuuma, huondoka ni mwalimu. Sisemi wote ni wabovu. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa tangu mwaka 2007 ikifundisha vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu, na nimeona miongoni mwao wenye jicho kali kuliko wengi wa hoteli za ufukweni Diani. Wameokolewa na mazingira: ukifundishia uwanja wa vumbi, wanafunzi wakiwa wamekuja na njaa, huwezi kuongoza kwa maneno matamu peke yake. Lakini kwa ujumla darasa la kisasa ni mwalimu aliye mbele juu ya jukwaa, na kipaza sauti shavuni, akifanya yeye mwenyewe mikao yote mpaka jasho linamtoka. Anafanya. Hatazami.

Na mkono nao umeondolewa, safari hii kwa sababu ya haki. Wanawake kadhaa waliosoma kwa Pattabhi Jois walijitokeza hadharani, baada ya kifo chake mwaka 2009, wakaeleza kwamba aliwashika visivyo kwa kisingizio cha kurekebisha mikao. Picha zilikuwepo miaka yote. Watu walikuwa hawataki kuziangalia. Tangu hapo sehemu nyingi mwalimu hamgusi mtu pasipo kumwomba ruhusa, na wengi hawagusi kabisa. Ni sawa. Mwalimu wa Karura huuliza kila mara, hata wale anaowajua kwa miaka: “Nikuguse hapa?” Ninachowalaumu mabwana wa aina ile, juu ya ubaya wenyewe, ni kwamba waliiba pia kutoka kwa waliokuwa waaminifu. Ba hakuhitaji kuuliza. Mikono yake ilikuwa imeshajibu. Kizazi kinachokuja hakitajua kwamba mkono uliweza kuaminiwa hivyo.

Iyengar mwenyewe aliendelea kutazama hadi mwisho. Ramamani alifariki Januari 1973, siku chache baada ya kuwekwa jiwe la msingi la taasisi ya Pune, na ilipofunguliwa mwaka 1975 ikabeba jina lake. Mwaka 1979 ajali ya skuta ilimwumiza mgongo, na bingwa wa mikao ile yote, amepita miaka 60, alianza tena kutoka chini, kwa viti na blanketi zake mwenyewe, kama mgonjwa yeyote aliyewahi kupita mikononi mwake. Katika darasa la tiba walikuja watu wa kila ugonjwa, kila mmoja amefungwa kamba na kuegemezwa mito kivyake, wasaidizi wakikimbia huku na huko, naye anapita kati yao, akinyooshea kidole tofali lililokaa vibaya upande wa pili wa ukumbi. Kule Bellur alipeleka shule, hospitali na maji.

Alifariki tarehe 20 Agosti 2014, akiwa na miaka 95. Desemba mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu 2015 utaona, Nairobi na Dar es Salaam pia, maelfu ya watu ndani ya fulana zinazofanana wakiinua mikono pamoja kwa ajili ya kamera. Mabalozi huwa mstari wa mbele. Nimewahi kusimama katika umati mmoja kama huo, na kushoto kwangu alikuwepo baba mtu mzima ambaye bega lake lilikuwa limeganda, mkono hauvuki sikio. Alijitutumua saa nzima. Hakuna aliyemwona, na ningemlaumu nani, walikuwa maelfu.

Geeta, bintiye Iyengar, ndiye aliyeshika darasa la tiba. Aliujua mkono wa baba yake kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto mgonjwa aliyepona chini ya mkono huo. Desemba 2018 wanafunzi walikusanyika Pune kutoka pande zote za dunia kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa mzee. Geeta aliwafundisha. Sherehe ilikuwa tarehe 14. Tarehe 16 akafariki. Mjukuu, Abhijata, aliyefundishwa na babu yake mwenyewe, ni miongoni mwa wanaofundisha sasa, na wanaomjua wanasema jicho analo. Mwaka 2020 korona ikafunga milango ya taasisi, masomo yakahamia kwenye intaneti. Watu walioko Nairobi, London na São Paulo wakamsikia kutoka sebuleni kwao, jambo lisilowahi kuwezekana, na wengi walishukuru. Ila katika vile visanduku vidogo vya kioo anaonekana mtu mzima kwa ukubwa wa ukucha, na bega lililopanda kwa upana wa kidole halionekani.